Kigoda Nyuma ya Goli

Mkataba wa kipa Kombo ulipokwisha, watani wa ng'ambo ya mji wakamsajili. Asubuhi ya mechi ya watani, miguu ikampeleka ilikozoea: kwa Bi Shufaa, aliyempikia uji kabla ya kila mechi.

"Shikamoo, mama."

Bi Shufaa akaitazama ile jezi ngeni juu hadi chini. "Shikamoo yako wapelekee haohao waliokununua! Haya, kaa unywe kabla haujapoa. Na leo ukifungwa, napiga vigelegele."

Jioni alipoingia uwanjani, mashabiki wake wa zamani wakamzomea. Kombo akaligeukia goli. Nyuma ya nyavu zake, Bi Shufaa alikuwa ameshakalia kigoda: mkononi bendera ya timu ya zamani, mapajani bakuli la uji lililofunikwa kawa.