Vikombe Sita vya Uzi Mwekundu

Fundi cherehani alifungua kabati la vyombo, akaduwaa. Vikombe vyote sita vilikuwa na uzi mwekundu kwenye kishikio.

Uzi huo aliufunga yeye, kwenye kikombe chake tu, siku alipoambiwa virusi vya homa ya ini vimeweka makazi ya kudumu mwilini mwake. Daktari alimweleza kwamba vikombe haviambukizi, na nyumbani wote walikwisha kuchanjwa. Masikio yalikubali, moyo ukakataa katakata. Mwaka mzima alikunywa chai peke yake kando ya cherehani, akisikiliza vicheko vya mezani kama asiyealikwa harusi ya jirani.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Uchunguzi unaendelea, Baba," alijibu bintiye, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, uso mkavu kama wa hakimu.

"Changu kipi?"

"Hata mimi kimenipotea."

Fundi alilitafuta fundo lake mwenyewe. Lake lilikuwa limefunguliwa; mafundo yote sita yalikuwa yamefungwa upya, ovyo, na mtu yuleyule.

Binti alichukua kikombe kimoja, akamimina chai, akanywa kidogo, akampa.

"Inapoa, Baba."

Fundi aliutazama ukingo, pale midomo ya mwanawe ilipoacha unyevu. Kisha akavuta kiti cha mezani.