Koti la Mjomba

Wagomaji walishikana mikono kwenye lango la kiwanda, mtaani Nechells. Idarous, aliyekuwa katikati, alimwona mjomba wake akija kazini na mkebe wake wa chakula.

"Nipishe, mwanangu."

"Rudi nyumbani, Mjomba. Mtaa wetu wote wa Ladywood utakusema kwa kuvunja mgomo."

"Waseme. Mama yako alipokufa, nani alikulea?"

Mzee wa Kiayalandi kando ya Idarous aliguna. "Kwenye hadithi zetu za kale, mtoto wa dada hamzuii mjomba wake, hata vitani."

"Hata kwetu," Idarous alijibu, akisaga meno.

Alilivua koti alilonunuliwa na mjomba, kifungo baada ya kifungo, akamwekea begani. Kisha, akitetemeka kwa baridi, akashikana tena mikono na wenzake.

"Sina deni lako tena. Sasa pita, ukiweza."