Kiyoyozi cha Mama Raymond

Baada ya misa ya kwanza, Agnesi alivaa koti juu ya sweta, akajifunga kitenge kichwani, akajitanda blanketi, kisha akawasha kiyoyozi.

Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa ulikuwa haumwonei mtu huruma. Mtaa mzima wa Malangali ulikuwa umejikunyata jikoni unaota moto. Nyumba ya Agnesi peke yake ndiyo iliyokuwa inalipia baridi.

"Mama Raymond, hii sasa imezidi!" jirani yake Bertilla alimwambia kupitia dirisha, huku akicheka. "Wenzako tunahangaika kuifukuza, wewe unainunua?"

"Nenda zako, Bertilla," alisema Agnesi, akafunga dirisha.

Bertilla hakuwa na roho mbaya. Mtaa wote ulicheka hivyo hivyo, na wengine walisema mama wa watu ameanza maringo uzeeni. Hawakujua walisemalo.

Kiyoyozi kilikuwa cha Raymond, kifungua mimba wake, aliyekuwa fundi cherehani Dar es Salaam. Joto la kule lilimtesa sana mtoto huyu aliyekulia kwenye baridi. Alijibana mpaka akanunua kiyoyozi cha mtumba, ndipo akagundua kwamba kukinunua ni kazi ndogo, kazi ni kukilisha umeme. Basi akawa anakiwasha Jumapili tu, baada ya misa, saa ya kumpigia mama yake simu, ili waongee kwa nafasi bila jasho kumtiririka. Siku nyingine alilala sakafuni, mlango wazi, akipambana na mbu.

Yuniti zikikaribia kuisha alikuwa anasema, "Mama, nazima sasa. Tutaongea Jumapili." Hapo Agnesi alijua mazungumzo yamekwisha.

Malaria ilimchukua masika, ghafla, hata kuuguzwa hakuuguzwa vizuri. Aliletwa nyumbani, akazikwa. Ndugu walipokaa kugawana vitu vya marehemu, huyu alichukua kitanda, yule friji, mwingine cherehani. Agnesi alisema anataka kiyoyozi tu. Watu walitazamana. Shemeji yake alidhani msiba umemvuruga akili, lakini hakuna aliyethubutu kumbishia mama mfiwa siku ile.

Tangu kilipofungwa ukutani, Agnesi alikitumia Jumapili tu. Alifunga mlango kwa ndani, na akitoka macho yalikuwa mekundu na kifua kinambana.

"Mama, utaugua," binti yake Fortunata alimwambia. Yeye ndiye aliyekuwa ananunua umeme wa nyumba ile, na hilo hakulisema. "Kama ni kumkumbuka kaka, si picha zake zipo?"

"Picha ninazo."

"Sasa humo ndani unafuata nini? Baridi si ipo hata hapa uani?"

Agnesi alikunywa chai yake.

Jambo lililomkera Fortunata zaidi lilikuwa kelele. Kiyoyozi kile kilikuwa kibovu. Kilikwaruza, kikatulia kidogo, kikakwaruza tena, mpaka ukiwa uani unakisikia. Fortunata alimwonea mama yake uchungu. Kama ni lazima akae mle kumlilia mwanawe, alau alie kwa utulivu.

Jumamosi, Agnesi alipokwenda kwenye sala za jumuiya, Fortunata alimwita Modesti, fundi friji. Modesti alikiwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, mwenye kitu hiki alikuwa anaongeaje na watu?"

"Hata kwenye simu alikuwa anapaza sauti."

"Basi pole yake." Alifungua kifuniko, akachungulia. "Feni ya ndani imekwisha kabisa. Naifunga mpya. Hii ya zamani imeng'ang'ania, itabidi niivunje ndiyo itoke."

"Ivunje tu. Ilimradi mama apumzike."

Modesti aliivunja, akafunga mpya, akakusanya vipande na kuondoka navyo. Fortunata alifuta vumbi ukutani, akafagia, akapanga kiti cha mama yake vizuri. Tangu msiba ule, hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyojisikia amefanya jambo la maana kwa mama yake. Alipanga asimwambie mpaka kesho, aone atakavyofurahi.

Jumapili, Agnesi alirudi kutoka misa. Akavaa koti lake, kitenge chake, akajitanda blanketi. Safari hii, kabla hajafunga mlango, Fortunata aliingia na kikombe cha chai, akasimama pembeni anatabasamu.

Agnesi aliwasha. Kiyoyozi kilifungua mdomo wake taratibu, upepo ukaanza kutoka, na chumba kikawa kimya.

Alizima. Akawasha tena. Kimya.

"Nimekutengenezea, mama," alisema Fortunata. "Hakina kelele tena hata kidogo."

Agnesi alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akakaa kitini, akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa simu yake ndogo ya vitufe. Haikuwa imeita, na kioo chake kilikuwa cheusi. Aliiweka sikioni kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili mlango ukiwa umefungwa, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Raymond, baba," alisema, "mbona umezima? Hata hatujasalimiana."