Sauti Isiyotetemeka

Mara ya kumi na moja, Gudveig alifika mwisho wa ukurasa bila sauti kutetemeka.

"Ewaa! Hapo sasa," Torleiv akasema, akajikatia kipande kingine cha jibini ya kahawia. "Hivyohivyo, dada. Kesho usitoke hapo hata kidogo."

Torleiv alikuwa diwani, na jirani yake wa miaka thelathini. Wiki nzima alikuwa akivuka ua kuja kumfundisha kuisoma hotuba yake ya mbele ya madiwani. Halmashauri ilitaka kuifunga nyumba ya wazee ya Lomvika na kuwahamishia wazee ng'ambo ya ghuba, mwendo wa saa mbili kwa kivuko. Oddmund, mume wa Gudveig, alikuwa mle. Alishasahau majina ya watoto wake, lakini kila saa tisa alasiri alikaa dirishani kumngojea mkewe.

"Na hili la dirisha, nilitaje?"

"Lifute. Ukilitaja utalia, na ukilia umekwisha. Watasema, mwacheni mama wa watu, ana uchungu. Wewe wape hoja."

Akalifuta.

"Na kina Solfrid, wenzangu wenye wazee wao mle? Wanataka kuja wote, na mabango."

"Solfrid na mdomo ule? Atatuharibia. Waambie wabaki nyumbani, utawasemea wewe."

Gudveig akawapigia simu mmoja mmoja. Solfrid alimwita msaliti, akakata. Hilo nalo akalimeza.

Kesho yake alisimama mbele ya madiwani kumi na tisa, akasoma umbali, idadi ya vitanda, ratiba ya kivuko wakati wa dhoruba. Dakika tano, sauti kavu kama ya mtangazaji wa habari. Nyuma yake viti vya wananchi vilikuwa vitupu. Alipoketi, Torleiv alimwinamishia kichwa, naye akaona fahari kama mwanafunzi aliyefaulu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura. Torleiv akasimama.

"Ndugu madiwani, wengi wetu tuliuogopa uamuzi huu kwa sababu moja tu: uchungu wa familia," akasema. "Basi leo mmejionea wenyewe. Mama huyu mumewe yumo mle, wala hakutoa hata chozi moja. Wenzake hata kuja hawakuja. Mimi naunga mkono ifungwe."