Mume Mwenza

Kaka mtu alishika ukanda wa tandiko la farasi kwa mikono miwili, akakita miguu sakafuni. "Ukikatika usinilaumu, dada. Binti yangu haingii mashindanoni na ngozi iliyooza."

Binti mwenyewe alisimama mlangoni, buti zimeshamkaa, roho mkononi.

Mvua ilikuwa haijakatika mwezi mzima, kuta za chumba zilitoka jasho, na viatu vyote kabatini vilikuwa vimeota ukungu, hata vya harusi ya dada.

Ila tandiko hilo, alilopandia enzi zake, lilikaa katikati ya chumba juu ya gogo, limefunikwa shuka la pamba, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Alilifuta na kulipaka mafuta kama mtoto mchanga. Kitanda ndicho kilichosukumwa kwenye ukuta wenye maji. Mumewe aliyelala upande huo aliwaambia wageni, "Huyu ni mume mwenzangu. Yeye ndiye anayependwa."

Sasa mume huyo alikuwa amemkumbatia mwenzake huyo kwa nguvu zote, asiburutwe.

Kaka akavuta. Mishipa ya shingo ikamsimama. Ukanda ukalia, ukanyooka, ukagoma. Mikono ikamteleza kwa mafuta, akaketi sakafuni kwa kishindo.

Akainusa mikono yake. Hakuna harufu ya uvundo.

Dada akakunja mikono kifuani.

"Vuta tena, kaka," alisema taratibu. "Mwanao hakuona vizuri."