Uvimbe wa Mguuni

Daktari aliubonyeza uvimbe uliokuwa mguuni mwa Makame.

"Hii ni kuvu ya udongoni, ya nadra sana. Humwingia mtu aliyepandikizwa figo kwa kuwa dawa zimempunguzia kinga. Umekuwa ukilima bila viatu?"

Kabla Makame hajajibu, dada yake mdogo, ambaye ndiye aliyempa figo hilo, alisema, "Kaka yangu hajashika jembe, daktari. Shamba letu la Kikoneni nalilima mimi peke yangu."

Makame alivikunja vidole ili kucha zake zenye udongo mwekundu zisionekane.

"Nimelima," alisema. "Kila ulipokwenda sokoni, mdogo wangu. Niliona haya kulishwa nawe."

Dada alijishika ubavuni penye kovu, akatoka nje.