Kadi ya Nne

"Zofka, shoga yangu, nani anakohoa chumbani kwa marehemu?" jirani aliniuliza siku moja kutoka ng'ambo ya uzio. Nikamwambia ni paka. Sina paka.

Mume wangu alikuwa akiandika kamusi ya Kiingereza na Kislovenia, kila maana kwenye kadi yake. Kifo kilimkuta kwenye neno *spring*. Aliacha kadi tatu: *pomlad*, majira ya maua, *izvir*, chemchemi, *vzmet*, chuma cha kujikunja. Ya nne hakuiwahi.

Mkesha wa Siku ya Marehemu nilimwachia mkate na kikombe cha maziwa mezani, kama tufanyavyo huku, nikasali, nikalala.

Asubuhi mhariri wa kamusi akaja kuchukua kisanduku cha kadi.

"Pole, mama, lakini maana moja ikikosekana, kazi anapewa mwingine na jina la mzee linatoka."

"Wewe tazama tu, mwanangu."

Akazipekua kadi huku akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Ya nne ilikuwemo: *skočiti*, kuruka, kuinuka ghafla. Akaiinua dirishani. Kialama cha juu ya herufi kilikuwa kimetoboa kadi, jinsi mume wangu alivyozoea kukandamiza kalamu.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi niliishia shule ya msingi. Kiingereza sikijui."

Akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa na wino mbichi.

Chumba cha pili, mtu akakohoa.

Mhariri akaandika jina la mume wangu juu ya kisanduku, polepole, herufi zote. Akakikumbatia, akatoka, kofia yake ikibaki mezani kando ya kikombe kitupu.